SAFARI NDEFU WAKATI WA MVUA NA UKUNGU

Msafiri atokaye Kakamega kwenda Nairobi kwa njia ya Eldoret huenda yapata kilomita 400. Yampasa kufikiri kabla ya kuondoka, hasa katika miezi ya baridi, tangu Juni hata Agosti.

Kwanza, achague saa. Mvua kubwa za Kakamega, pengine zenye mawe, hunyesha sana alasiri. Aondokaye kunapopambazuka huziacha nyuma. Lakini aondokaye usiku wa manane hufika Timboroa alfajiri, wakati wa ukungu mzito, kwani huko barabara hupanda zaidi ya mita 2,700. Ukungu wa namna hiyo huko Kinale pia. Hapo taa kubwa hurudisha mwanga machoni mwa dereva. Na atumie taa za chini.

Pili, atazame breki, waipa na tairi. Gari likiongezwa mwendo mara mbili, huhitaji nafasi mara nne ili breki zilisimamishe. Na barabara ikilowa, huhitaji zaidi.

Tatu, achague mahali pa kupumzika. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililomshinda dereva liliua watu zaidi ya 50, wakiwamo wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya njia. Basi tusikae ukingoni mwa barabara, hasa penye mteremko.

Abiria naye asinyamaze mwendo ukizidi. Wahenga walisema: Kawia ufike.