Mlango unaofungukia barabarani

Hiace za Butembo hadi Beni tunazijua. Tunabanwa mpaka magoti yanagusa kidevu, na kwenye mlima tunashuka kusukuma. Hayo tunayacheka. Lakini kasoro moja si ya kucheka.

Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, zikatufikia kupitia Uganda na Kasindi. Kule magari hupita kushoto. Sisi Kongo tunapita kuume. Kwa hiyo mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara, kwenye pikipiki na Fuso.

Siku moja mwanafunzi wetu aliruka chini. Tulimvuta kwa shati, pikipiki ikapita palepale.

Tuzoee hivi: mama ashuke kwanza, atazame nyuma, ndipo ampokee mtoto kwa mkono.