Akiba ya Chuma Anayozaliwa Nayo Mtoto

Maziwa ya mama hayana mbadala katika miezi sita ya mwanzo ya maisha, lakini madini ya chuma yaliyomo ndani yake ni machache mno: hayafiki hata miligramu moja katika lita nzima. Jambo hili si kasoro ya maziwa. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa akiwa tayari na chuma chake mwilini, takribani miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo tatu, kwa hiyo, huwa na miligramu mia mbili na zaidi kidogo. Kwa akiba hiyo hutengeneza damu na kuujenga ubongo wake mpaka atakapoanza kula uji na mboga. Sehemu kubwa ya akiba huwekwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na aiwekaye ni mama, kutokana na kile anachokula na, zaidi ya hapo, kutokana na namna anavyokila.

Wapo wanaoamini kwamba mtoto tumboni hujichukulia anachohitaji hata mama akiwa hana kitu. Kauli hiyo ina ukweli wa kiasi. Kondo la nyuma hupitisha chuma kuelekea kwa mtoto hata pale mama mwenyewe anapopungukiwa. Hata hivyo, upendeleo huo una kikomo. Ujauzito mzima hugharimu chuma kipatacho miligramu 1,000. Kama 300 huenda kwa mtoto na kondo, na zilizosalia huongeza damu ya mama na kufidia kile mwili unachopoteza kila siku. Mama aliyeuanza ujauzito akiwa na akiba haba hulazimika kuchota mahali palipokwisha kukauka, na hapo mtoto naye hupungukiwa.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mjamzito aliye katika miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho ana upungufu wa damu pindi himoglobini yake inaposhuka chini ya gramu 11 kwa desilita. Ikishuka chini ya 7, hali hiyo ni mbaya sana. Upungufu huo huambatana na kujifungua kabla ya wakati na kuzaa mtoto mwenye uzito wa chini ya gramu 2,500. Huambatana pia na hatari kwa mama mwenyewe, kwa kuwa asiye na damu ya kutosha hawezi kustahimili kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Kwa mtoto, pigo jingine hufika polepole. Chuma huhitajika katika kuzifunika nyuzi za neva na katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu. Mtoto aliyekikosa katika kipindi hicho anaweza kutibiwa baadaye damu yake ikarejea sawa, lakini uwezo wake wa kuzingatia na kujifunza usirejee wote.

Basi, ni mazoea gani yanayoipunguza akiba hii? La kwanza huenda likamshangaza msomaji, maana ni chai. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kifungua kinywa ni chai pamoja na chapati, maandazi, muhogo au maharage. Majani ya chai yana tanini, kitu kile kile kinachouachia ulimi ukakasi. Tanini hukinasa chuma cha nafaka na mboga ndani ya utumbo, kisha vyote viwili hutoka pamoja kama taka. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wa kujitolea vimeonesha kwamba kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo hupunguza, ingawa si kwa kiwango hicho. Kutia maziwa hakubadilishi sana mambo. Kinachobadilisha ni saa: kikombe kile kile kikinywewa saa moja au mbili baada ya chakula, athari yake hupungua mno. Hapana haja, kwa hiyo, ya kumnyima mjamzito chai yake, hasa yule ambaye kichefuchefu cha asubuhi hakimruhusu kitu kingine. Linalotakiwa ni kuitenga chai na sahani, na kuitenga zaidi na kidonge cha kuongeza damu, ambacho wengi hukimeza kwa chai hiyo hiyo bila kujua kwamba wanakibatilisha. Dawa za kutuliza kiungulia nazo zisimezwe wakati mmoja na kidonge hicho.

La pili ni udongo. Katika masoko ya Tanzania huuzwa vipande vya udongo mkavu viitwavyo pemba, na wengine hula udongo wa kichuguu. Miongoni mwa wajawazito waliochunguzwa Kilifi, katika pwani ya Kenya, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1998, zaidi ya nusu walikuwa wakila udongo mara kwa mara, na walaji walikuwa na chuma kidogo mwilini kuliko wenzao. Ni udongo ulioleta upungufu, au ni upungufu ulioleta hamu ya udongo? Maelezo yote mawili yana hoja. Udongo wa mfinyanzi hunata na chuma tumboni na kukizuia kisifyonzwe. Na kwa upande mwingine, hamu ya kula vitu visivyo chakula hujitokeza mara nyingi kwa mtu aliyepungukiwa na chuma. Kwa maoni yangu, hata kabla wataalamu hawajaumaliza ubishi huo, mhudumu wa kliniki ana la kufanya: mjamzito anaposema kwamba anatamani udongo, apimwe damu. Kumcheka au kumkaripia humfundisha kuficha tu.

Iko pia hofu iliyo nzito kuliko ya chuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Geita, katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ulikuta arseniki, kromi na nikeli katika pemba na katika udongo wa kichuguu ulioliwa na wajawazito. Arseniki hupenya kondo la nyuma. Mnunuzi sokoni hana njia ya kujua kipande alichokishika kilichimbwa wapi.

Wako wanaouteua udongo mwekundu kwa kudhani kwamba wekundu ni dalili ya damu. Dhana hiyo hiyo ndiyo iliyozipa juisi ya rozela na bitiruti sifa ya kuongeza damu. Ni kweli kwamba udongo mwekundu una chuma, lakini ni cha kutu, nacho hufyonzwa kwa shida. Rangi ya rozela na bitiruti haitokani na chuma kabisa. Chakula kinachosaidia hakina rangi ya kujivunia: dagaa, nyama hata kwa vipande vichache, maharage, kunde, mchicha, tembele. Chuma cha mboga na kunde huhitaji msaidizi, naye ni vitamini C. Ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage, pera au chungwa baada ya mlo, au juisi ya ubuyu mahali pa chai, huongeza kile kinachofyonzwa. Maini yana chuma kingi, lakini yana vitamini A nyingi pia, na kwa sababu hiyo hayafai kuliwa kila siku, hasa katika miezi mitatu ya kwanza.

Chakula peke yake aghalabu hakitoshi, ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vyenye chuma na asidi ya foliki. Wengi huviacha kwa sababu choo huwa cheusi, tumbo hufunga au kichefuchefu huzidi. Weusi wa choo ni chuma kilichobaki tu, hauna madhara. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku kabla ya kulala. Na pale minyoo ya safura au malaria vinapoimaliza damu kwa upande mwingine, vidonge havitafua dafu bila dawa ya minyoo, viatu miguuni na chandarua kitandani.

Moshi unastahili kutajwa hapa, ijapokuwa kwa ufupi. Hewa ya kaboni monoksidi itokayo kwenye sigara, na kwenye mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa, huing'ang'ania himoglobini na kuizuia isibebe oksijeni. Mama mwenye damu kidogo hupoteza hivyo sehemu ya hata ile aliyo nayo.

Fungu la mwisho la akiba hutolewa baada ya mtoto kutoka. Kwa dakika chache damu huendelea kupita kwenye kitovu kutoka kwenye kondo kwenda kwa mtoto, ikiwa na chuma cha kumtosha kwa wiki kadhaa za ziada. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisifungwe kabla ya dakika moja kupita, isipokuwa mtoto akihitaji kusaidiwa kupumua upesi. Katika chumba chenye kazi nyingi dakika hiyo husahaulika kwa urahisi, kwa hiyo mama au msindikizaji wake amwambie mkunga mapema, kabla uchungu haujashika kasi.