Kupiga Kinanda cha Mdomo kwa Mtindo wa Blues

Somo letu la leo ni juu ya kinanda cha mdomo, kama kipigwavyo katika blues, muziki wa Wamarekani Weusi.

Kinanda hiki kina matundu 10. Ukipuliza tundu wapata sauti moja. Ukivuta pumzi wapata nyingine. Ndani mna vijibati vyembamba vinavyotikisika. Basi usitumie nguvu nyingi, maana vijibati huchoka na sauti huharibika. Pumua polepole kutoka tumboni.

Kwanza, toa sauti moja safi. Chongoa midomo kama apigaye mluzi, hewa ipite katika tundu moja tu.

Pili, jifunze kuipinda sauti. Vuta pumzi katika tundu la 4, huku ukirudisha ulimi nyuma, kama atokaye "i" kwenda "u". Sauti itashuka kama ya mtu anayelia. Ndiyo sababu wapigaji wa blues huvuta kuliko kupuliza. Usikate tamaa, kazi hii huchukua majuma mengi.

Tatu, sikiliza. Blues nyingi huenda kwa mzunguko wa vipimo 12. Gonga mguu, uhesabu. Mwaka 1952 Little Walter alirekodi "Juke" huko Chicago. Haina maneno, kinanda ndicho kinachoimba. Shika kipande kifupi, ukirudie mpaka sikio lako lenyewe litambue kosa. Hapo umepata mwalimu asiyekuacha.

Zoezi: robo saa kila siku, tundu la 4. Kwaherini.