Je, Wajua? Heshima haikai kwenye "wewe"

Mfaransa anapozungumza na mtu mmoja huchagua kati ya viwakilishi viwili, "tu" kwa wa karibu na "vous" kwa wa kuheshimiwa. Kiswahili sanifu kinatosheka na kimoja. "Umekula?" ya mtoto na "umekula?" ya bibi ni neno lile lile, tofauti huja kabla yake: "Shikamoo bibi, umekula?" Kazi ya heshima imekabidhiwa mwito: mzee, mwalimu, shangazi, Mama Juma (huyu wa mwisho jina lake la kuzaliwa majirani huenda hawalijui kabisa). Atakayepinga atasema kwamba "wewe" lenyewe linaudhi. Kweli, kumwita mtu mzima "We!" barabarani ni kutafuta ugomvi. Lakini "Wewe mzee wangu ndiye uliyetulea" halimuudhi mtu. Kinachouma, basi, si kiwakilishi. Ni pengo pale palipostahili mwito.

Fasihi inalidhihirisha hilo zaidi. Kiingereza cha Shakespeare nacho kilikuwa na maneno mawili ya kumwambia mtu mmoja, na wahusika wake huruka kutoka moja hadi jingine hasira au mapenzi yanapopanda. Julius Nyerere, ambaye tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, ilichapishwa mwaka 1969, hakuwa na jozi hiyo. Mfasiri wa Kiswahili hubaki na "bwana", "ndugu", "mheshimiwa", na ujasiri wa kuyaondoa ghafla katikati ya mazungumzo.