Sumatra: Shamba la mama haliuzwi, mwana hutoka kutafuta

Mwanamume wa Kiminangkabau anapofunga mzigo wake na kutoka kijijini kwenda kuchuuza mjini, huacha nyuma majaruba ya mpunga, vihenge na nyumba ambavyo havina jina lake. Jina la baba yake pia halimo. Ni mali iliyotoka kwa bibi mzaa mama, ikashikwa na mama, na kesho itashikwa na dada na watoto wa dada. Mtaji wa mwanamume huyo ni mikono yake na ndugu waliotangulia.

Waminangkabau ni watu wa Sumatra Magharibi, Indonesia. Ni Waislamu, na sensa ya mwaka 2010 ilihesabu zaidi ya milioni 6 nchini humo. Kijiji chao huitwa nagari. Nagari nyingi ziko mbali, katikati ya milima ya Bukit Barisan. Katika wilaya ya Lima Puluh Kota, upande wa Kapur IX, wenyeji huishi kwa gambir, kichaka ambacho majani yake huchemshwa na kukamuliwa, maji yakaachwa yatuame, na tope linalobaki likafinyangwa na kuanikwa. Mnunuzi mkubwa ni India. Mtafuna tambuu wa pwani yetu angeitambua mara moja: ni ndugu wa katu.

Nyumba ya ukoo huitwa rumah gadang, yaani nyumba kubwa, na paa lake limepinda juu pande zote mbili kama pembe za nyati. Vyumba vya nyuma ni vya mabinti walioolewa. Kwa desturi ya zamani, mume alikuja usiku na kuondoka alfajiri kwenda kulima kwao, yaani kwa mama yake. Mvulana akishabalehe hakuwa na chumba humo. Alilala surau, nyumba ya sala na mafunzo. Siku hizi wengi hukaa mke, mume na watoto katika nyumba yao ndogo, lakini ardhi haijahama. Msimamizi wake ni mjomba, ndugu wa mama, na anaowasimamia ni wapwa. Mjomba hulinda, hatumii apendavyo. Hilo ndilo jambo ambalo wageni hulikosea: wanamwona mwanamume akizungumzia shamba barazani, wanadhani ni lake.

Mali hii ya ukoo haiuzwi. Inaweza kuwekwa rehani, na mila imetaja sababu nne tu. Maiti yuko ndani na hakuna pesa za mazishi. Binti amekua na hakuna pesa za kumwoza. Paa la nyumba kubwa linavuja. Au ukoo umekosa gharama za kumsimika mkuu wake. Hata hapo, ukoo mzima lazima ukubali. Mtu mmoja akikataa, jambo limekwama. Mfanyabiashara wa Namanga au Mutukula atakuwa ameshaona kinachokosekana katika orodha hiyo. Mtaji wa duka haumo.

Kwa vitendo, watu huweka rehani kwa karo, kwa safari ya hija, na kwa biashara pia, wazee wakifumba macho. Utaratibu wake unastahili kutazamwa na yeyote anayekopeshana. Mwenye shida hupewa thamani, na mkopeshaji huchukua shamba, analilima na kula mavuno yake mpaka siku litakapokombolewa. Riba haitajwi, mpunga ndio unaolipa. Na deni mara nyingi huandikwa kwa dhahabu. Kipimo chao, emas moja, ni gramu 2.5. Aliyechukua emas 20 atarudisha emas 20, hata kama rupia imeporomoka kiasi gani kati ya hapo. Kwa anayebadilisha fedha mpakani kila wiki, hoja hiyo haihitaji maelezo.

Serikali ya Indonesia ilijaribu kuuvunja mzigo huo. Sheria ya mwaka 1960 inasema aliyeshika shamba la rehani kwa miaka 7 au zaidi alirudishe bila kudai malipo, kwa kuwa mavuno yamekwishamlipa. Katika nagari nyingi sheria hiyo haifuatwi. Kumdai jirani shamba bila kumrudishia dhahabu yake huonekana aibu, na kesho ni nani atakayekukopesha?

Dini nayo ilikuwa na neno lake. Ahmad Khatib, mwana wa Minangkabau aliyekuwa imamu wa madhehebu ya Shafii Makka na kufariki mwaka 1916, aliupinga vikali urithi huu wa upande wa mama. Hatimaye mwaka 1952 wazee wa mila, maulamaa na wasomi walikutana Bukittinggi wakakubaliana: mali ya kale ya ukoo ifuate mila, na alichochuma mtu kwa jasho lake kigawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Wangazija wa Komoro, jirani zetu, nao wana ardhi na nyumba za manyahuli zinazoshikwa na wanawake wa ukoo, na ni Waislamu vilevile. Kusini mwa Tanzania, Wamakonde na Wayao wanajua uzito wa mjomba.

Kwa kuwa kijana hana shamba la kusubiri, hutoka. Kutoka huko huitwa merantau, na kumejaza wachuuzi wa Kiminangkabau katika soko la nguo la Tanah Abang jijini Jakarta. Migahawa ya chakula cha Padang imeenea nchi nzima. Mingi hailipi mshahara: faida hugawanywa kwa hisa kati ya mwenye mtaji, mpishi na wahudumu. Ni watu walioanza bila dhamana, wakakopeshana kazi.

Tatizo linakuja pale karatasi inapoingia. Benki inataka hati, na hati inataka jina. Shamba likiandikwa kwa jina la mtu mmoja, anaweza kulipeleka benki kimyakimya. Kwa hiyo koo nyingi hudai hati iandikwe kwa jina la mjomba msimamizi pamoja na ukoo wake, na ofisi ya ardhi huletewa mchoro wa ukoo, ranji, uliotiwa saini na wazee. Benki haiipendi hati ya namna hiyo. Itamfilisi nani?

Na kwenye mashamba makubwa ya michikichi upande wa Pasaman, koo zilizoruhusu kampuni kutumia ardhi ziliamini zimeazimisha. Haki ya kampuni kisheria ni ya miaka hadi 35, nayo huongezwa 25. Muda ukiisha, ardhi huhesabiwa kuwa ya serikali, si ya nagari, na migogoro imezaliwa hapo.

Nyumbani, pesa zinazotumwa na waliotoka hufanya kazi nyingi: hujenga msikiti, huezeka paa, hukomboa jaruba lililowekwa rehani enzi za bibi. Ukombozi huo huhitaji mashahidi. Pale ambapo rehani ilifanywa kwa mdomo na waliokuwepo wote wamezikwa, aliyelishika shamba huendelea kulilima, na wapwa wanaodai ni lao wako Jakarta, wakiuza nguo.