Uvimbe wa Taya na Siri ya Vinasaba

Mtoto anapofikishwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, akiwa na taya lililovimba na meno yanayolegea, daktari huanza kuhesabu siku. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa zaidi: seli zake huweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Hata hivyo, kasi hiyo inayoua ndiyo pia mlango wa tiba, na ujuzi huo ulianzia katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Baada ya kukutana na wengine, alitambua kuwa uvimbe wa taya na ule wa tumbo ni sura mbili za saratani moja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walibaini kuwa ugonjwa huo hufuata joto na mvua, na huadimika katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani yake ilikaribiana na ya malaria.

Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege. Vya Kampala vilimfikia Anthony Epstein mjini London, ambaye mwaka 1964, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, alitangaza kugunduliwa kwa virusi vinavyoitwa leo Epstein-Barr. Vya Nairobi vilimfikia George Klein mjini Stockholm. Huko Sweden, kati ya mwaka 1972 na 1976, watafiti waliona kwamba kipande cha kromosomu ya 8 kilikuwa kimehamia kromosomu ya 14. Mwaka 1982 ikajulikana kilichobebwa na kipande hicho: jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike. Jeni hiyo ilikuwa imepandikizwa jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika seli za B haipumziki. Amri ya kugawanyika ikawa haina wa kuizima.

Hitilafu hiyo hutokea ndani ya seli za mtoto mwenyewe. Haitokani na laana, wala mgonjwa hamwambukizi saratani anayemuuguza. Utafiti wa EMBLEM, ulioongozwa na Mganda Sam Mbulaiteye kati ya mwaka 2010 na 2016, uliwalinganisha watoto wagonjwa na wazima wa Uganda, Kenya na Kanda ya Ziwa ya Tanzania. Miongoni mwa matokeo yake ni kwamba waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, jeni inayokinga dhidi ya malaria kali, walipata saratani hii kwa uchache zaidi.

Tiba nayo hulenga vinasaba. Dawa ya siklofosfamaidi huzifunga pamoja nyuzi za DNA, zikashindwa kuachana ili zinakiliwe. Seli inayolazimishwa kugawanyika katika hali hiyo hufa. Kwa kuwa seli za Burkitt hugawanyika bila kutulia, uvimbe huweza kunywea katika siku chache. Zinapokufa kwa wingi, taka zake huelemea figo. Ndiyo maana mtoto hupewa maji mengi na mkojo wake hupimwa. Dawa hiyohiyo hugusa mizizi ya nywele na uboho, kwa hiyo nywele hupukutika na kinga hushuka. Homa baada ya dozi ni dharura.

Hatari nyingine huja ikiwa imevaa sura ya furaha. Mzazi aliyetoka Ukerewe au Sengerema, akiona taya limerudi umbo lake, huhesabu nauli, shamba lililoachwa na watoto waliobaki nyumbani, akaona safari imekwisha. Kumbe seli chache zisizoonekana kwa macho zimebaki, na kila moja ingali na amri ileile ya kugawanyika. Dozi zinazofuata ni kwa ajili ya hizo.

Mhudumu wa zahanati anayeona meno ya mtoto yakilegea pamoja na taya kuvimba, au tumbo likikua upesi, asing'oe jino na kumrudisha nyumbani. Ampe rufaa siku hiyohiyo. Na wodini, kabla ya dozi ya kwanza, mzazi aelezwe kwamba uvimbe utatoweka mapema kuliko ugonjwa.