Siku 24 baada ya Kimathi, wakamnyonga dogo wa miaka 19

Wadau, Dedan Kimathi wote tunamjua, Waingereza walimnyonga pale Kamiti, Februari 18, 1957. Ila ukiuliza alinyongwa kwa kosa gani, wengi watakwambia kwa kuua. Hapana! Mahakama iliyokaa Nyeri ilimtia hatiani kwa kukutwa na bastola na risasi, basi.

Sasa siku 24 baadaye, sheria ya aina hiyo hiyo ikammaliza dogo mmoja huko Kupro, kisiwa cha bahari ya Mediterania kilichokuwa pia chini ya Mwingereza. Jina lake Evagoras Pallikarides, mtoto wa kijiji cha Tsada, karibu na mji wa Paphos.

Huyu alianza mapema. Juni 1953 watu wakijiandaa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yeye ana miaka 15 akapanda mlingoti akaing'oa bendera ya Uingereza. Novemba 1955 akaona askari wanampiga mwenzake, akaingilia, akakamatwa. Kabla kesi haijasikilizwa akawaachia wanafunzi wenzake barua, akaingia milimani kujiunga na wapiganaji wa EOKA. Hapo yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, mtihani hakufanya.

Desemba 18, 1956 doria ikamnasa karibu na kijiji cha Lysos, anasafirisha silaha na chakula kwa punda. Wenzake wawili wakatoroka, yeye akabaki na bunduki aina ya Bren. Mahakamani hakukana. Maombi ya kumsamehe yakatoka nchi mbalimbali, gavana John Harding akakataa. Machi 14, 1957 akanyongwa gereza la Nicosia, wa mwisho kati ya wapiganaji 9 wa EOKA walionyongwa.

Kwa nini kosa liwe bunduki? Jibu ni rahisi. Kesi ya kuua inataka shahidi, aliyekufa ni nani, nani alifyatua. Kesi ya silaha inataka silaha tu na aliyeishika. Chini ya sheria za hali ya hatari, Kenya na Kupro, hiyo ilitosha kumpeleka mtu kwenye kamba.

Na hata maiti waliziogopa. Pallikarides alizikwa humo humo gerezani, familia haikupewa mwili. Kimathi naye vivyo hivyo, kaburi bila alama.

Tusidanganyane lakini, EOKA hawakuwa wanadai uhuru kama wa kwetu. Walitaka kisiwa kiungane na Ugiriki, na wananchi wenye asili ya Kituruki walipinga. Uhuru ukaja 1960 bila muungano, na tangu 1974 kisiwa kimegawanyika.

Ila mimi nikikumbuka nilikuwa nafanya nini nikiwa na miaka 18, nanyamaza. Kwenu wadau: serikali ikimnyonga mtu kwa alichobeba na sio alichofanya, hiyo ni haki au ni woga? Tiririkeni hapo chini.